Jumla, Tessier, BCR, CaCl2 au DGT: uchague ipi kufuatilia metali nzito kwenye udongo wa shamba

Karatasi ya maabara ikisema udongo wako una miligramu 1.2 za kadimiamu kwa kilo, imejibu swali moja tu: imo kiasi gani. Haijasema imeshikwa na nini, itaachiwa lini, wala mmea utaivuta kwa kiwango gani. Mashamba mawili yanaweza kuwa na namba hiyo hiyo, moja la kichanga lenye pH 5.2 (pH ikishuka, uchachu umeongezeka) na jingine la mfinyanzi lenye pH 7.8, na bado nafaka ya lile la kwanza ikakutwa na kadimiamu nyingi kuliko ya lile la pili.

Ndiyo maana watu wa udongo hawaishii kwenye jumla. Wanataka kujua metali imekaa katika umbo gani, na jinsi inavyohama kutoka fungu moja kwenda jingine kadiri msimu unavyosonga. Njia za kupima hayo ni nyingi, kila moja ina mashabiki wake, na majibu yake mara nyingi hayalingani. Nitazilinganisha zile utakazokutana nazo zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kazi nyingi za udongo wa shamba, BCR (utaratibu wa kutoa metali hatua kwa hatua, fungu kwa fungu) ikifuatana na kipimo chepesi cha CaCl2 (myeyusho dhaifu wa kloridi ya kalisi) inatosha, na fedha inayobaki ni afadhali iende kwenye uchukuaji mzuri wa sampuli kuliko kwenye mashine ya kifahari.

Kinachohama ni nini hasa

Metali haiozi. Dawa ya magugu huvunjwavunjwa na bakteria mpaka ikaisha, lakini kadimiamu iliyoingia na mbolea ya fosfeti, shaba iliyoingia na dawa ya ukungu, au zinki iliyoingia na samadi, haina pa kwenda zaidi ya kuvutwa na mazao, kusombwa na maji au kubaki. Na nyingi hubaki. Kinachobadilika ni nani ameishika.

Sehemu ndogo huelea kwenye maji ya udongo. Nyingine imenata juujuu kwenye mfinyanzi na mboji, na huachia mara tu kalisi au magnesi ikija kuchukua nafasi yake. Nyingine imeungana na karbonati, nyingine imemezwa na oksidi za chuma na manganizi, nyingine imeshikwa ndani ya mboji au salfaidi, na iliyobaki imefungiwa ndani ya punje za madini yenyewe, ambako haitoki labda baada ya karne nyingi.

Ukimwaga chumvi ya kadimiamu kwenye udongo leo, nyingi itakutwa kwenye mafungu mepesi. Ndani ya saa na siku chache za mwanzo hushuka haraka, kisha huendelea kushuka polepole kwa miezi na miaka, ikizama kuelekea kwenye oksidi na ndani ya madini. Huko ndiko kuzeeka kwa metali udongoni, na pH ikiwa juu mwendo huo huwa wa kasi zaidi. Safari ya kurudi nayo ipo: uchachu ukiongezeka kwa sababu ya mbolea za amonia, shamba likifurika, au maji ya chumvi yakitumika kumwagilia, kilichokuwa kimetulia huamka. Njia nzuri ya kupima inatakiwa ikuonyeshe safari zote mbili.

Jumla: ya lazima, lakini peke yake haitoshi

Kuna jumla ya aina mbili na watu huzichanganya. Mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki sehemu 3 na ya nitriki sehemu 1 hutoa karibu kila kilicholetwa na binadamu, ila hauyeyushi silika zote. Ukiongeza asidi ya hidrofloriki unapata jumla ya kweli, pamoja na hatari yake kwa mpimaji, kwa kuwa asidi hiyo hupenya ngozi mpaka kwenye mfupa. Kwa udongo wa shamba, jumla ya kwanza inatosha. Ya pili ifanye pale tu unapotaka kutenganisha metali ya asili ya mwamba na ile iliyoletwa.

Jumla unaihitaji kwa sababu mbili. Sheria nyingi zimeandikwa kwa jumla, na bila jumla huwezi kukagua kama mafungu yako yanajumlika. Ila hata watunga sheria wanajua udhaifu wake: kiwango cha China cha mwaka 2018 kinaruhusu kadimiamu ya 0.3 mg kwa kilo kwenye mashamba yasiyo ya mpunga yenye pH isiyozidi 7.5, na 0.6 pH ikivuka hapo. Metali ni ile ile, lakini kizingiti kimepanda mara mbili kwa sababu ya uchachu tu.

Kipimo cha mkononi cha eksirei nacho kiko kwenye kundi hili. Kwa risasi na zinki ni kizuri, unapita shamba zima kwa nusu siku. Kwa kadimiamu katika viwango vya kawaida vya shamba, usipoteze muda wako, hakiioni.

Kimiminika kimoja: DTPA, EDTA na CaCl2

Hapa unatikisa udongo na myeyusho mmoja, unachuja, unapima kilichotoka. Ni rahisi, ni haraka, na ndipo makosa mengi ya uchaguzi hufanyika.

DTPA, kemikali inayoikamata metali na kuishikilia kwenye myeyusho, ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo inayotumika mahali pasipo pake kuliko zote. Lindsay na Norvell waliichapisha mwaka 1978 kwa ajili ya kutafuta upungufu wa zinki, chuma, manganizi na shaba kwenye udongo wa pH ya kati na wenye chokaa. Mapishi yake ni DTPA 0.005 M (moli kwa lita), kloridi ya kalisi 0.01 M na triethanolamini 0.1 M, pH 7.3, gramu 10 za udongo kwa mililita 20, saa 2 za kutikisa. Angalia hiyo pH. Imewekwa makusudi ili chokaa isiyeyuke. Ukiipeleka kwenye udongo wenye pH 4.8, unaulazimisha udongo uishi kwenye pH 7.3 wakati wa kipimo, yaani unaficha jambo lile lile linalofanya metali iachiwe. Tena DTPA ni chache kwenye myeyusho huo. Udongo uliochafuka sana unaweza kuimaliza, na namba ikagota hapo hata kama metali bado imo. Kwa upungufu wa zinki, itumie bila wasiwasi. Kwa uchafuzi wa udongo wenye uchachu, iache.

EDTA 0.05 M, kemikali ya jamii hiyo hiyo, ina nguvu zaidi na hung'oa hata iliyoshikwa na mboji pamoja na baadhi ya iliyomo kwenye oksidi. Ichukue kama kipimo cha akiba inayoweza kuachiwa siku moja, usiichukue kama kipimo cha msimu huu.

CaCl2 0.01 M ndiyo naipendelea kwa swali la mmea. Haibadilishi sana pH ya udongo, chumvi yake inakaribia ile ya maji ya udongo yenyewe, na kwa kadimiamu, zinki na nikeli hufuatana vizuri na kinachokutwa kwenye majani na nafaka. Gharama yake iko kwenye mashine: kinachotoka ni kidogo sana, mara nyingi mikrogramu chache kwa lita, hivyo unahitaji tanuri la grafiti au ICP-MS, mashine zinazosoma viwango vidogo sana vya metali. Ujerumani imechagua nitrati ya amonia 1 M kwa kazi kama hiyo katika sheria yake ya udongo, na mantiki ni ile ile.

Risasi iweke pembeni. Hakuna kati ya hizi tatu inayotabiri vizuri risasi ya mboga za majani, kwa sababu sehemu kubwa yake haipiti kwenye mzizi. Inafika juu ya jani na vumbi na matone ya mvua yanayorusha udongo. Ukitaka kujua risasi ya mchicha ilitoka wapi, pima mchicha uliooshwa na usiooshwa kabla hujanunua kemikali yoyote.

Tessier dhidi ya BCR

Hili ndilo pambano lenyewe: yote mawili ni mapishi ya uziduaji wa hatua kwa hatua, yaani kuitoa metali kwa vimiminika vinavyofuatana, na ndio unaotumika zaidi kuonyesha jinsi metali zinavyogawanyika na kuhama. Wazo lake ni kuanza na kimiminika dhaifu na kumalizia na kikali, udongo ule ule kwenye neli ile ile, ukipima kilichotoka kila hatua.

| | Tessier (1979) | BCR iliyorekebishwa (1999) |
|---|---|---|
| Kilitengenezewa nini | mashapo ya mito | mashapo, kisha udongo |
| Fungu jepesi | MgCl2 1 M, pH 7, saa 1 | asidi ya asetiki 0.11 M, 40 ml kwa gramu, saa 16 (pamoja na karbonati) |
| Karbonati | asetati ya sodiamu 1 M, pH 5 | imo kwenye hatua ya kwanza |
| Oksidi za chuma na manganizi | hidroksilamini 0.04 M ndani ya asidi ya asetiki 25%, nyuzi 96 | hidroksilamini 0.5 M, pH 1.5, joto la chumba, saa 16 |
| Mboji na salfaidi | peroksidi ya hidrojeni, nyuzi 85 | peroksidi ya hidrojeni, nyuzi 85, kisha asetati ya amonia |
| Masalia | asidi ya hidrofloriki na ya perkloriki | asidi ya hidrokloriki na ya nitriki |
| Sampuli rejea yenye thamani zilizothibitishwa kwa kila hatua | hakuna | ipo, BCR-701 |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaoniamulia. BCR-701 ni mashapo yaliyokwisha kupimwa na maabara nyingi, na thamani za kadimiamu, kromiamu, shaba, nikeli, risasi na zinki zimethibitishwa kwa kila hatua. Ukiipitisha pamoja na sampuli zako, unajua leo leo kama hatua yako ya pili inatoa pungufu. Kwa Tessier huna cha kujipima nacho. Unaweza kuwa umekosea kwa 40% kwa mwaka mzima na usijue, kwa kuwa jumla ya mafungu itakuwa sahihi.

Hilo la mwisho wengi hawalitilii maanani. Makala nyingi hujivunia kwamba mafungu yamejumlika hadi 95% au 103% ya jumla, kana kwamba hiyo ni hati ya usafi. Inathibitisha tu kwamba metali haikumwagika sakafuni. Haithibitishi kwamba imeingia kwenye fungu lake.

Na mara nyingi haiingii. Risasi na shaba zikiachiwa na oksidi katika hatua ya kati zinaweza kushikwa upya na mboji iliyobaki kabla hujamimina kimiminika, zikahesabiwa hatua inayofuata. Kloridi iliyomo kwenye MgCl2 ya Tessier nayo huungana na kadimiamu na kuivuta zaidi ya ile iliyonata juujuu, hivyo fungu la kwanza la kadimiamu huonekana nono kuliko lilivyo. Baadhi ya watu huweka nitrati ya magnesi badala yake. Ndiyo maana jina la fungu lisiandikwe kama jina la umbo la kemikali. Andika "iliyotoka kwa hidroksilamini", usiandike "iliyo kwenye oksidi za chuma", labda uwe na ushahidi mwingine.

Sasa upande ambao BCR inashindwa: udongo wenye chokaa nyingi. Fanya hesabu hii kabla hujaanza. Mililita 40 za asidi ya asetiki 0.11 M zina milimoli 4.4 za asidi. Gramu moja ya udongo wenye karbonati ya kalisi 22% ina gramu 0.22 za karbonati, sawa na milimoli 2.2, na kila moja hutaka asidi mbili. Yaani milimoli 4.4. Asidi yote imekwisha kwa chokaa peke yake, na kabla ya kufika huko pH imekwisha kupanda kiasi kwamba metali haitoki inavyotakiwa. Utaandika kwamba fungu jepesi ni dogo, ukampongeza mwenye shamba, kumbe kimiminika chako kilikufa katikati ya kazi. Tessier haina akiba kubwa zaidi ya asidi, ila imetenganisha hatua ya karbonati na imewekewa bafa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe, kwa hiyo unaona kinachotokea. Kwa udongo wa namna hiyo chagua Tessier, au chukua BCR na upime pH mwisho wa hatua ya kwanza. Ikiwa imepanda mno, rudia hatua hiyo kwa asidi mpya na ujumlishe.

Kwa kazi ya mikono, BCR ina faida ndogo ambayo mtu wa maabara ataishukuru: saa 16 za kutikisa zinaangukia usiku. Unaweka jioni, unarudi asubuhi. Tessier ina hatua fupi lakini ile ya nyuzi 96 inakutaka usimame pale, na joto likiyumba matokeo nayo yanayumba.

Zote mbili hutumia gramu moja. Gramu moja ya shamba la hekari kumi. Saga vizuri, changanya vizuri, fanya marudio matatu, na usiamini tofauti ya 5% kati ya matuta mawili.

Kuonyesha mabadiliko kwa muda

Mafungu ya siku moja ni picha tuli. Kama swali lako ni kuhama, kwa mfano umeongeza mboji, chokaa au makaa ya mimea na unataka kujua kama kadimiamu imetulia, unarudia uziduaji kwa vipindi: siku ya 1, wiki ya 2, mwezi, miezi sita. Kwa mafungu matano kama ya Tessier unapata rundo la namba tano tano, na hapo ndipo kipimo kimoja cha kufupisha husaidia.

Fengxiang Han na Amos Banin, waliofanyia kazi udongo wa maeneo makame ya Israeli, walipendekeza faharasa ya ufungaji. Kila fungu linapewa namba kufuatana na ukali wa kimiminika, 1 hadi 5. Unazidisha sehemu ya metali iliyomo kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, unajumlisha, unagawa kwa 25. Tuseme mwanzoni mafungu ni 0.30, 0.20, 0.25, 0.10 na 0.15. Hesabu inakuwa 0.30 + 0.80 + 2.25 + 1.60 + 3.75 = 8.70, gawa kwa 25 unapata 0.35. Baada ya miezi sita mafungu yawe 0.15, 0.20, 0.35, 0.12 na 0.18, jumla ni 10.52, faharasa 0.42. Metali imezama. Kama yote ingekuwa fungu la kwanza, ungepata 0.04, na kama yote ingekuwa masalia, 1.

Ni nzuri kwa kulinganisha udongo huo huo kwa nyakati tofauti, au matuta yenye chokaa na yasiyo nayo. Usiitumie kulinganisha shamba lako na la mtu aliyetumia mapishi mengine, na usiitafsiri kama usalama wa chakula. Faharasa inaweza kupanda kwa sababu masalia yameongezeka kidogo, huku fungu la kwanza, ambalo ndilo mmea unalila, halijashuka hata chembe. Mpaka hapo bado unahitaji CaCl2 pembeni.

Kingine: majaribio ya kumwaga chumvi ya metali kwenye udongo msafi huonyesha uhamaji mkubwa sana wiki za mwanzo. Huo ni uhamaji wa metali changa. Shamba lililochafuka miaka thelathini iliyopita halitahama hivyo, na kuyachukua matokeo ya ndoo ukayabandika juu ya shamba la zamani ni kutisha watu bure.

Mpunga, na kwa nini kukausha sampuli kunaweza kuharibu kila kitu

Taratibu nyingi zinakuambia ukaushe udongo hewani, upitishe kwenye chekecheo la milimita 2, uanze. Kwa shamba la mahindi, sawa. Kwa shamba la mpunga lililofurika, umeua ulichotaka kupima.

Maji yakisimama, oksijeni inakwisha. Bakteria hugeukia oksidi za manganizi, kisha za chuma, kisha salfeti. pH husogea kuelekea 7, salfaidi huundwa, na kadimiamu hujifunga nayo. Wakati huo huo oksidi za chuma zinayeyuka na kuachia aseniki, ambayo sasa iko katika umbo jepesi kuhama. Maji yakiondolewa kabla ya mavuno, kila kitu kinageuka: aseniki inarudi kushikwa, kadimiamu inaachiwa, tena wakati punje zinajaa. Mkulima anayekausha mapema anapunguza aseniki na kuongeza kadimiamu. Anayeacha maji hadi mwisho anafanya kinyume chake. Viwango vya Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa mchele uliokobolewa, 0.4 mg kwa kilo kwa kadimiamu na 0.2 kwa aseniki isiyo ya kikaboni, vinambana kutoka pande zote mbili. Madhara ya upande wa kadimiamu yalionekana kwenye bonde la mto Jinzu huko Japani, ambako maji ya mgodi yalimwagilia mpunga na watu wakapata ugonjwa wa mifupa wa itai-itai, uliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 1968.

Ukichukua udongo huo uliofurika ukautandaza juani, salfaidi zinaungua na oksijeni ndani ya saa chache. BCR yako itaonyesha kadimiamu nyingi kwenye fungu jepesi na kidogo kwenye fungu la salfaidi, na utaandika kinyume cha kilichokuwa shambani. Sampuli ya namna hiyo ifungwe bila hewa shambani, isafirishwe baridi, na hatua za mwanzo zifanyike ikiwa mbichi ndani ya naitrojeni. Pima unyevu kwenye sampuli pacha ili ubadilishe hesabu kuwa uzito mkavu. Kama maabara haiwezi hayo, usifanye uziduaji wa hatua kwa hatua kwa mpunga. Kuna njia inayokufaa zaidi.

DGT

Njia hiyo ni DGT, iliyochapishwa na Davison na Zhang mwaka 1994. Ni kidude cha plastiki chenye dirisha la kipenyo cha sentimita 2. Nyuma ya dirisha kuna kichujio, kisha jeli ya unene usiofika milimita moja, kisha jeli nyingine iliyojaa resini ya Chelex inayonasa metali. Unakibandika kwenye udongo uliolowa, unakiacha saa 24, unaosha, unapima kilichonaswa. Ukijua unene wa jeli, eneo la dirisha, muda na kasi ya metali kupenya jeli, unapata mkusanyiko wake.

Kinachoitofautisha ni kwamba haiuvunji udongo. Inavuta kama mzizi unavyovuta: metali iliyo karibu inapungua, na udongo unalazimika kutoa nyingine kujaza pengo. Udongo wenye akiba iliyo tayari unajaza, usio nayo hauwezi. Hiyo ni taarifa ambayo CaCl2 haikupi. Kwenye matope ya mpunga inafanya kazi pale pale shambani.

Ila haikuambii metali ilitoka kwenye fungu lipi, kwa hiyo haichukui nafasi ya BCR. Unyevu wa udongo ukibadilika namba inabadilika, lazima uweke wote kwenye kiwango kimoja. Na Chelex haishiki aseniki. Kwa aseniki unahitaji jeli ya oksidi ya chuma au ya titani. Watu wamewahi kununua jeli isiyo sahihi na kushangilia kwamba shamba ni safi.

Isotopu na eksirei kubwa

Isotopu, yaani atomi za metali ile ile zenye uzito tofauti, inakujibu swali zuri sana: katika metali yote, ni kiasi gani bado kiko hai, yaani kinabadilishana na maji ya udongo? Unaongeza kadimiamu-109 kidogo, au isotopu isiyo na mionzi, unasubiri ichanganyike, unaangalia imepunguzwa makali kiasi gani. Uzuri wake unaonekana kwenye chokaa. Chokaa hushusha metali iliyo kwenye maji haraka, CaCl2 ikasifu, lakini isotopu mara nyingi inaonyesha kwamba akiba iliyo hai haijapungua kwa kiwango hicho. Metali haijafungwa, imelazwa tu. Uchachu ukirudi, nayo inarudi. Kama kazi yako ni kushauri juu ya dawa za kutuliza udongo, tafuta maabara yenye uwezo huu hata kwa sampuli chache.

Eksirei ya sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana, kama ile ya Grenoble huko Ufaransa au SPring-8 ya Japani, ndiyo pekee inayoona umbo lenyewe: risasi iliyoungana na fosfeti, zinki iliyo ndani ya mfinyanzi. Hufaa pale metali ni nyingi, mamia ya miligramu kwa kilo. Kadimiamu ya 1 mg inapotea kwenye kelele. Nafasi ya kupima huombwa miezi kabla. Ni ya kuthibitisha, si ya kufuatilia.

Kromiamu na zebaki zina njia zao

Usipime hatari ya kromiamu kwa BCR. Hatari iko kwenye kromiamu ya sita, na vimiminika vya BCR vyenyewe hubadilisha ya sita kuwa ya tatu. Tumia uziduaji wa alkali ya moto. Zebaki nayo hupotea kama mvuke kwenye joto na hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki ambayo hakuna hatua ya BCR inayoitenga.

Kama mashine yako ni AAS ya mwali tu

AAS ya mwali ni mashine inayopima metali kwa mwali wa moto, na haioni viwango vidogo sana. Hii ndiyo hali ya maabara nyingi, na uchaguzi hapa unaamuliwa na hesabu. Tuseme mashine inasoma kadimiamu kwa uhakika kuanzia 0.01 mg kwa lita. Kwenye BCR, mililita 40 kwa gramu, hiyo ni 0.4 mg kwa kilo ya udongo katika fungu moja peke yake. Shamba lenye kadimiamu 0.5 kwa jumla litakupa "haikuonekana" kwenye mafungu yote, na ukajaza jedwali kwa nusu ya kiwango cha chini, umetunga namba. Kwa EDTA ya gramu 1 kwa mililita 10, mpaka unashuka hadi 0.1, na hapo unaweza kusema kitu.

Kwa hiyo fanya BCR kamili kwa zinki, shaba na risasi, ambazo mwali unazisoma vizuri. Kadimiamu ipime kwa jumla na EDTA, kisha chagua sampuli kumi au kumi na tano zinazobeba tofauti za pH na mboji za shamba lako, uzipeleke CaCl2 yake kwenye maabara yenye ICP-MS. Pima pH ya kila sampuli wewe mwenyewe, ndani ya CaCl2 ile ile, kabla hujachuja. Bila pH hizo namba za ICP-MS zikirudi hutaweza kuzisoma.